Kuingia Hori la Chake Chake kwa Ngalawa

Anayetaka kuingia hori (mkono wa bahari) la Chake Chake, Pemba, kutoka upande wa kisiwa cha Misali aanze kwa kuhesabu mwezi, kwani siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka takriban mita 4, na pale palipoelea jahazi asubuhi huweza kubaki tope tupu na mizizi ya mikoko. Bamvua la mwezi mpevu hujaa karibu na saa kumi, kisha huchelewa takriban dakika 50 kila siku.

Ingia maji yakiwa bado yanajaa, wala usingoje yajae kabisa: ukikwama kwenye fungu la mchanga, maji yanayopanda yatakunyanyua, lakini yakipwa utakaa hapo hadi yarudi. Mkondo ukibana kati ya mikoko, shusha tanga, shika upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, na uupime mchanga. Upondo ukizama laini na kutoka na tope jeusi, rudi katikati.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, ng'ambo ya Misali bahari huchafuka sana. Ngalawa ndogo isiende huko, hata nahodha akiwa hodari.