Kupika samaki kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kama Vincent Price

Jumapili iliyopita shemeji yangu alinipigia simu: oveni imekufa, wageni wanafika saa moja jioni, na minofu ya samaki iko kwenye friji inamtazama. Nikamuuliza, "Mashine ya kuoshea vyombo inafanya kazi?" Akadhani namtania. Tulikaa kwenye simu mpaka samaki akaiva, na tangu jana ndugu wengine wananiomba maelezo. Basi nayaweka hapa mara moja, nisirudie kwa kila mmoja.

Mbinu yenyewe si yangu. Mwaka 1975 mwigizaji Vincent Price alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson huko Marekani akapika samaki ndani ya mashine ya kuoshea vyombo, watu wakacheka. Wengi wanamjua kwa filamu za kutisha. Wapenzi wa Columbo, ule mfululizo wa upelelezi wa televisheni, watamkumbuka kwenye "Lovely but Lethal" ya 1973, anapocheza mfanyabiashara wa vipodozi anayeshindana na Vera Miles. Jikoni hakuwa mtu wa mzaha. Mwaka 1965 yeye na mkewe Mary walitoa kitabu kinene, A Treasury of Great Recipes, chenye mapishi waliyoyakusanya kwenye migahawa waliyoizungukia, na babu yake alitajirika kwa kuuza baking poda. Kwa hiyo mimi siuiti mchezo wa televisheni. Huku ni kupika kwa mvuke, ila sufuria ndiyo ngeni.

Hatua ya 1: Samaki

Minofu ya trauti au samoni, vipande vya gramu 150 hivi, unene usizidi sentimita 2. Samaki mzima usimjaribu.

Hatua ya 2: Viungo

Chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu kilichokatwa vyembamba, kijiko cha siagi juu ya kila kipande, majani ya kotmiri. Kupika unajua, sitakufundisha. Ndimu tu ndiyo uiweke kando mpaka mezani, na sababu inakuja sasa hivi.

Hatua ya 3: Kufunga

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Mara ya kwanza nilimkandika samaki ndimu, chumvi na ukwaju, nikamfunga kwenye foili usiku, nikamlaza kwenye friji ili viungo viingie. Kesho yake nikampeleka mashineni. Nilipofungua, samaki alikuwa anaelea kwenye maji ya kijivu. Nikalaumu mikunjo, nikafunga mwingine kwa uangalifu kama nafunga zawadi ya harusi, naye akaingia maji. Nilikuja kuelewa nilipoinua ile foili ya kwanza mbele ya taa: ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama chekecheo la chai. Uchachu ukikutana na chumvi hula alumini, na ukiuachia usiku kucha unatoboa kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mlaze samaki kwanza kwenye karatasi ya kuokea, umkunje humo. Kisha foili ile nene. Ile nyembamba ya bei poa inachanika hata ukiitazama vibaya. Mshono uwe juu, ukunje mara tatu, kila mkunjo upana wa kidole, halafu pande mbili uzipandishe juu nazo uzikunje mara tatu. Zungushia foili ya pili, safari hii mshono uelekee upande wa pili. Kuna wanaotumia mifuko ya plastiki yenye zipu. Mimi sitaki plastiki ikae na chakula changu kwenye joto lile, na zipu nimeshaziona zikifunguka.

Sasa jaribio ambalo usiliruke. Jaza sinki maji baridi, zamisha kifurushi kwa mkono, kibonyeze taratibu, uhesabu hadi kumi. Vipovu vikitoka, kuna tundu: fungua, anza upya. Usizibe kwa gundi ya karatasi, itaachia ikipata moto.

Hatua ya 4: Programu

Usitumie eko, ile programu ya kuokoa umeme na maji. Narudia kwa sababu shemeji alishaibonyeza kabla sijamaliza sentensi. Eko huosha kwa nyuzi 50 za Selsiasi hivi au chini ya hapo, kwa saa tatu na zaidi, na samaki akikaa vuguvugu muda wote huo unawafugia bakteria. Mimi niliwahi kumtoa samaki wa eko akiwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto, katikati bado anang'aa kama kioo. Nilimtupa.

Chagua programu ya moto kabisa, ile yenye picha ya sufuria au iliyoandikwa 65 au 70. Kifurushi kikae rafu ya juu, mshono juu, mbali na visu na uma. Sabuni usiweke. Najua wapo wanaoosha sahani na kupika kwa mkupuo mmoja, nawaachia wenyewe.

Walioko Marekani wana kazi moja ya ziada. Mashine nyingi za kwao huvuta maji ya moto kutoka kwenye bomba la nyumba, wakati hizi zetu za Uingereza huvuta baridi na kuyachemsha zenyewe. Kwa hiyo fungulia kwanza bomba la jikoni mpaka maji yatoke moto, ndipo uwashe. Na nyingi zina waya wa moto chini kwa ajili ya kukausha, basi rafu ya chini usiiguse.

Hatua ya 5: Kutoa

Programu ikiisha usimwache humo apoe. Fungua kifurushi juu ya sahani, jihadhari na mvuke. Choma kipimajoto katikati ya kipande kinene: Marekani wanashauri nyuzi 63 kwa samaki, na mimi sili chini ya hapo. Kijiti cha kuchokonolea, "naona ameiva", "nimezoea kwa macho", hayo yote mimi siyaamini. Kipimajoto kinauzwa bei ya soda chache. Wa shemeji alisoma 61, tukammalizia dakika mbili kwenye kikaango chenye mfuniko.

Kamua ndimu, pakua na wali. Wageni wake walikula wakauliza umenunua wapi. Akawaambia ukweli, wakaenda wote watano jikoni kuitazama mashine.