Bunduki ya Shabaha ya Kuundiwa: Fundi wa Nchini au Kuagiza Nje?

Kabla ya kulipa hata arubuni, hakikisha leseni yako inaruhusu aina na kipenyo cha silaha unayoitaka. Ukinunua nchini, fundi hukupima mwenyewe, hurekebisha kitako kulingana na urefu wa mkono wako, na mtutu ukichakaa unairudisha bunduki karakanani bila kuvuka mpaka. Kuagiza nje kwa kawaida hudai vibali viwili, cha kuingiza kutoka nchi yako na cha kuuza nje kutoka nchi ya muuzaji. Kwa Marekani, vibali vya kuuza nje bunduki nyingi za aina hii husimamiwa na Wizara ya Biashara tangu 2020. Usilinganishe bei kabla ya kujumlisha ushuru, bima na ada ya wakala wa forodha.

Popote ununuapo, dai karatasi ya shabaha: kundi la risasi 5 lenye upana wa takriban sentimita 2.9 kwa mita 100 ni sawa na dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii, kipimo cha usahihi wa bunduki), na fundi asiyeweza kulionyesha, kwa maoni yangu, hastahili malipo ya kazi maalumu. Namba iliyochongwa kwenye chuma nayo ilingane na ya kibali, tarakimu kwa tarakimu, kwani kosa la herufi moja laweza kuizuia bunduki forodhani.