Somo: Opereta za kulinganisha, za mantiki na yunari katika lugha ya C

Tutatumia matatu ya abiria 14 inayopandisha nauli asubuhi kukiwa na msongamano, au mvua ikinyesha. Fungua faili nauli.c, na ndani ya main uanze hivi:

int saa = 7, mvua = 0, abiria = 3, nauli = 50;

Saa ni ya mfumo wa 24, kwa hiyo saa moja asubuhi ni 7.

Hatua ya 1: Kulinganisha

Opereta (alama za kufanyia kazi thamani) za kulinganisha ni sita: == != < > <= >=. Kila moja hutoa 1 (kweli) au 0 (si kweli).

Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama: = huweka thamani, == huuliza. Ukiandika

if (abiria = 14)

C itaweka 14 ndani ya abiria, ione si sifuri, na sharti litimie kila mara. Gari tupu litahesabiwa kuwa limejaa, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako, kama gcc) haitakataa. Zoea kutumia gcc -Wall nauli.c -o nauli, nayo itakupa onyo.

Hatua ya 2: Mantiki

&& ni "na", || ni "au", ! hukanusha.

if ((saa >= 6 && saa <= 9) || mvua)
    nauli = 80;

&& hutangulia ||, hivyo mabano ya ndani si lazima. Yaweke tu, anayesoma hatabahatisha.

Usiandike 6 <= saa <= 9. C huanzia kushoto: 6 <= saa hutoa 0 au 1, na zote mbili hazizidi 9. Hata saa 20 nauli itapanda.

Mpangilio pia una maana. Katika abiria > 0 && jumla / abiria > 40 (jumla ikiwa nauli zote zilizokusanywa), upande wa kushoto ukiwa si kweli, wa kulia hauguswi. Ukivigeuza, siku abiria ni 0 utagawanya kwa sifuri na programu huenda ikaanguka.

Hatua ya 3: Yunari

Hizi hushika thamani moja tu: - ! ++ --. Ikiwa a ni 5, b = a++ huipa b 5; b = ++a huipa 6. Kwa vyovyote a huwa 6. Ikisimama peke yake kwenye mstari, hakuna tofauti.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, if (!abiria > 14) haiingii ndani hata wakiwa watu 3. Mbona?*
! hutangulia >. !3 ni 0, na 0 haizidi 14. Andika !(abiria > 14), au abiria <= 14 ambayo husomeka vizuri zaidi.

*Je, abiria = abiria++ inaongeza moja?*
C haijaweka matokeo ya mstari huo, kwa hiyo usiutegemee hata ukikupa jibu sahihi kwenye kompyuta yako. abiria++; peke yake inatosha.

*Na kwenye Python?*
6 <= saa <= 9 hufanya kazi kama katika hesabu. Maneno ni and, or, not. Lakini chunga ++abiria: Python huisoma kama alama mbili za kujumlisha, hailalamiki, na abiria hawaongezeki. Tumia abiria += 1.