Usifute hizo Visual C++ nyingi kwenye kompyuta yako

Jamani ukifungua orodha ya programu kwenye Windows ukakuta Microsoft Visual C++ Redistributable (vifurushi vya mafaili ambayo programu nyingine zinayahitaji ili zifunguke) zimejipanga, 2008, 2010, 2013 mpaka 2015-2022, tafadhali usizifute ukidhani zimejirudia. Kila programu inatafuta faili la toleo ililotengenezewa kwa jina lake kabisa, ya 2010 inataka msvcr100.dll, ya 2013 inataka msvcr120.dll, sasa ukiweka ya 2022 peke yake haisaidii kitu, utaambiwa tu dll, yaani hilo faili, haipo na programu haifunguki. Kuanzia 2015 ndo wamerahisisha, hapo toleo jipya linabeba na ya nyuma yake mpaka hiyo 2015.

Mi nilishafuta ya 2010 ili kupunguza mzigo, kesho yake programu ya mauzo dukani ikagoma na wateja wamesimama kaunta wanasubiri risiti.

Halafu hata kama Windows yako ni ya biti 64 weka zote mbili, x86 (ya biti 32) na x64 (ya biti 64), maana programu za biti 32 bado zipo kibao na zenyewe zinatumia x86 tu. Na hiyo dll usiidownload mojamoja kwenye visaiti vya ajabuajabu, ni hatari, chukua kifurushi kizima kwa Microsoft wenyewe.