Jinsi ya Kupima Maumivu ya Mbwa na Wepesi Wake wa Kuyahisi

Anayetaka kupima maumivu ya mbwa hana budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni maumivu aliyo nayo mbwa wakati huo, kwa mfano saa chache baada ya kuhasiwa au kushonwa jeraha. La pili ni wepesi wake wa kuhisi maumivu, yaani kiasi cha mgandamizo au joto anachokistahimili kabla ya kuvuta mguu au kugeuka kujihami. La kwanza hupimwa kwa kutazama na kupapasa, na mwenye mbwa aliye makini anaweza kujifunza kulifanya; la pili huhitaji chombo maalumu na mtu aliyefundishwa, wala lisijaribiwe nyumbani kwa kumfinya mbwa au kumchoma sindano.

Kwa maumivu ya baada ya upasuaji, kipimo kinachotumiwa sana ni kile cha Chuo Kikuu cha Glasgow, ambacho toleo lake fupi lilichapishwa mwaka 2007. Kazi huanzia mbali, kabla hujamwita mbwa wala kumgusa. Sikiliza: akiwa kimya anapata 0, na alama hupanda hadi 3 kadiri anavyolia kwa sauti ya chini, kuguna, au kupiga mayowe. Kisha tazama anavyoshughulika na kidonda chake: asiyekijali hupata 0, na baada yake hufuata anayekitazama, anayekiramba, anayekisugua, na mwisho anayekitafuna, ambaye hupata 4. Hapo ndipo unapomfunga kamba na kumtembeza hatua chache ili uone kama anakwenda kawaida, anachechemea, anajikokota, amekakamaa, au anakataa kabisa kuondoka, na hapa pia alama ya juu ni 4.

Hatua ya kugusa ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Bonyeza kwa ncha za vidole, polepole na kwa nguvu ndogo isiyobadilika, umbali wa sentimita 5 hivi kuzunguka kidonda, wala si juu ya mshono wenyewe. Asiyefanya lolote hupata 0, anayegeuza kichwa 1, anayeshtuka 2, anayenguruma au kukikinga kidonda 3, anayetaka kuuma 4, na anayelia 5. Malizia kwa kuipa hali yake ya jumla alama kati ya 0 na 4, kuanzia uchangamfu hadi unyong'onyevu wa kutoitikia chochote, na vivyo hivyo mkao wake, kuanzia kutulia hadi kukakamaa mwili mzima. Jumla ya juu kabisa ni 24. Mbwa aliyevunjika uti wa mgongo, nyonga au zaidi ya mguu mmoja hatembezwi, naye huhesabiwa kati ya 20. Alama zikifika 6 kati ya 24, au 5 kati ya 20, daktari anapaswa kufikiria kumwongezea dawa ya maumivu.

Kipimo hiki kilibuniwa kwa mbwa waliozoea kamba, ilhali mbwa wengi wa kwetu hufugwa kulinda boma na hawajawahi kuvishwa kamba maishani. Mbwa wa namna hiyo akikataa kutembea, huenda anaikataa kamba tu. Kwa maoni yangu ni afadhali mwenyewe amwite kwa jina au kwa chakula, na kama hilo nalo haliwezekani, kipengele hicho kiachwe na hesabu ifanywe kwa 20. Hofu nayo hufanana sana na maumivu, kwa hiyo mpime mbwa mara moja kabla ya upasuaji ili upate alama zake za kawaida za kulinganishia. Usimpime angali amelewa dawa ya usingizi, kwa sababu ulegevu huo huzivuruga alama.

Wepesi wa kuhisi hupimwa kwa njia nyingine. Mpimaji hutumia kipima-mgandamizo kinachosoma nguvu kwa nyutoni au gramu, au nyuzi zinazoitwa kwa jina la mwanafiziolojia Max von Frey, au ncha yenye joto linalodhibitiwa. Mbwa huachwa kwanza achunguze chumba na kukizoea chombo. Kisha ncha huwekwa wima juu ya ngozi, kwa kawaida sehemu ya juu ya wayo wa nyuma, na nguvu huongezwa kwa mwendo uleule hadi mbwa avute mguu, ageuke au atoe sauti. Papo hapo chombo huondolewa, na somo hilo ndilo kizingiti chake. Chombo lazima kiwe na kikomo kilichowekwa mapema, ili mbwa asiyejibu asiumizwe. Pima mara kadhaa kwa mapumziko, chukua wastani, na katikati gusa mara moja moja bila kubonyeza: mbwa akivuta mguu hapo, amekwisha kukariri zoezi na namba zako hazina thamani. Namba za vyombo viwili tofauti nazo hazilinganishwi, kwani ncha nyembamba huumiza kwa nguvu ndogo kuliko ncha pana.

Kizingiti cha chini hakimaanishi kwamba mbwa ni mwoga au anadeka. Mbwa wenye ugonjwa sugu wa viungo wameonekana kuwa wepesi kuumia hata mahali palipo mbali na kiungo kibovu, kwa kuwa mfumo wa neva wenyewe umeamshwa na maumivu ya muda mrefu. Asili nayo, yaani aina ya mbwa, ina nafasi yake, ingawa si ile tunayoidhania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichapisha mwaka 2023 vipimo vya mbwa 149 wa asili 10, na wakaona kwamba tofauti za vizingiti zipo kweli, lakini hazilingani na imani za madaktari. Husky wa Siberia, ambaye madaktari walimhesabu kuwa mwepesi sana wa kuumia, alikuwa wa wastani. Kwa sababu hiyo, mbwa asinyimwe dawa kwa hoja kwamba mbwa wa aina yake ni wagumu.

Andika kila mara saa, alama, jina la mpimaji na dawa aliyopewa mbwa, na mpimaji awe yuleyule inapowezekana. Baada ya kupewa dawa apimwe tena, na alama zisiposhuka arudishwe kwa daktari wa mifugo badala ya kupewa vidonge vya nyumbani, kwani ibuprofeni na diklofenaki za binadamu huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.