Ua la ua wa jirani: somo la kufumbua maneno yanayofanana sauti

Wiki iliyopita fumbo lilitegwa asubuhi, na hadi saa mbili usiku kikundi chetu kizima cha mafumbo kilikuwa bado kinabishana. Lenyewe fupi tu:

"Ua la ua wa jirani limeuawa na jua."

Mmoja wetu alisema hapo kuna kesi ya mauaji. Wa pili akasema ni kosa la uchapaji, "ua" limerudiwa. Wa tatu akakimbilia kamusi, akarudi na rundo la maana, akatumwagia tuchague wenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiahidi somo hili. Kamusi tutaihitaji, ila mwishoni. Wengi tunakwama kwa sababu tunaanza na maana, na maana ndiyo mahali ambapo mtegaji ametuchimbia shimo.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti

Soma mara mbili, haraka kisha polepole. Fumbo la aina hii limetengenezwa kwa ajili ya sikio. Ukilisoma kimyakimya utaona herufi tu.

Hatua ya 2: Liache neno, hoji majirani zake

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Neno "ua" lenyewe halitakuambia kitu, limefundishwa kunyamaza. Lakini vineno vinavyolifuata haviwezi kudanganya, kwa sababu vimefungwa na ngeli, yaani kundi la nomino linaloamua viambishi vyake. Tazama:

"Ua la..." Hiyo "la" ni ya ngeli ya LI-YA. Kwa hiyo ua la kwanza ni lile linalonukia.

"...ua wa jirani..." Hapa ni "wa", na si "la" tena. Tumehamia ngeli ya U-ZI. Ua huu ni ule wa makuti au wa mabati, uliozunguka nyumba, au uwanja uliomo ndani yake.

"...limeuawa..." Kiambishi "li-" kinarudi kwa ua la kwanza, kwa hiyo kilichokufa ni kile chenye harufu. Na "-uawa" ni kitenzi "ua" katika kauli ya kutendwa.

Basi: jua kali limekausha maua ya jirani. Polisi warudi kituoni.

Ukitaka kuona ngeli ilivyo shahidi mzuri, chukua methali tunayoijua sote: "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Aliyezoea tembo wa Mikumi anaweza kuanza kumwona mgema akimnywesha mnyama. Sikiliza hiyo "-li-" katikati ya "hulitia". Angekuwa mnyama ingekuwa "humtia". Silabi moja inatosha kumtoa ndovu kwenye methali na kutubakizia pombe ya mnazi.

Hatua ya 3: Peleka sentensi kwenye wingi

"Maua ya nyua za jirani yameuawa na jua." Yaliyokuwa yamejificha pamoja kwenye umoja yameachana: maua huku, nyua kule. Vivyo hivyo kaa wa baharini akiwa na wenzake hubaki kaa, ila kaa la moto huwa makaa. Paa wa porini hubaki paa, na paa la nyumba huwa mapaa.

Mbuzi ni mkaidi. Wa zizini na ya kukunia nazi, wingi wao ni mbuzi tu. Hapo ongeza namba: mbuzi wawili wanakula majani, mbuzi mbili ziko jikoni. (Lakini ukiwa sokoni Nairobi kipimo hiki utakiweka mfukoni. Huko "mbuzi mbili" zinaweza kulia mee.)

Hatua ya 4: Kata upya

Kuna mafumbo ambayo neno si tatizo, tatizo ni mahali pa kulikata. Mfano wa kale wa pwani, wenye sura nyingi, ni huu:

"Wale wa Liwali wala wali wa Liwali."

Liwali alikuwa mtawala wa mji wa pwani aliyewekwa na Sultani wa Zanzibar; neno limetokana na Kiarabu, al-wali. Wali ni mchele uliopikwa. Mtego uko kwenye "wala". Mtu wa bara anaisikia kama "wala" ya kukanusha, kama katika "sili wala sinywi", halafu sentensi inamfia mikononi kwa kuwa haina kitenzi. Shika kanuni hii: sentensi ikibaki bila kitenzi, umekata vibaya. "Wala" hapa ni wa-a-la, yaani wanakula, kwa msemo wa pwani. Watu wa Liwali wanakula ubwabwa wa bwana wao, basi.

Jizoeze na hili: "alilialia". Ni mtu mmoja aliyekuwa akilia kila mara, au ni Ali anayeambiwa "lialia"? Kwa maandishi huwezi kujua. Kwa sikio unaweza. Kitenzi kimoja kina mkazo mmoja, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisikia miwili, na wa kwanza umeangukia kwenye A, kuna mtu anaitwa.

Hatua ya 5: Fumbo likija kwa sauti, shuku l na r

Nami niseme yangu. Nilikulia Musoma, na utotoni l na r kwangu zilikuwa herufi moja yenye nguo mbili. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu ulipofanyika kwa vyama vingi, tulipewa insha darasani. Nikaandika: "Wazazi wetu walikwenda kupiga kula." Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Walishiba?" Daftari lile ninalo hadi leo.

Kwa hiyo mtu akituma ujumbe wa sauti, usiandike ulichosikia. Andika vyote viwili ndipo uchague. Mahali au mahari? Kalamu au karamu? Hali au hari? Fahali au fahari? Halafu kagua jozi nyingine zinazotusumbua: faa na vaa, suka na shuka, sindano na shindano, haya na aya. Nusu ya mafumbo yetu yanaishi kwenye jozi hizi.

Hatua ya 6: Simulia jibu

Usitume "nimepata, ni ua". Lieleze kama kisa kidogo, kila neno na kazi yake. Kisa kikigoma kusimama, jibu bado.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Vitate na vitawe ni kitu kimoja?

Marahaba. Hapana. Vitate ni maneno mawili yanayokaribiana matamshi, kama "bata" na "pata". Kitawe ni neno moja kwa sura lenye maana zaidi ya moja, kama "kaa". Hatua ya 5 ni ya vitate, ya 2 na ya 3 ni za vitawe.

Mimi niko Mombasa. Mbona mnasumbuka na paa? Sisi paa wa mwituni na paa la nyumba hatuyatamki sawa kabisa.

Ndugu yangu, umetuonea, lakini ni kweli. Wasomaji wa bara, fanyeni jaribio: weka kiganja mbele ya mdomo, umwombe Mmvita, mtu wa Mombasa, aseme yote mawili. Kwenye yule mnyama utahisi pumzi inapiga kiganja. Kwenye la nyumba, hakuna. Kaa wa baharini na kaa la moto pia hivyohivyo. Tahajia yetu ya kawaida haionyeshi pumzi hiyo, kwa hiyo kwa maandishi wote tuko gizani sawa. Ndiyo sababu fumbo gumu nalipeleka kwanza kwa mtu wa sehemu nyingine: anasikia nisichosikia. Siku ile ya ua, aliyefumbua alikuwa dada wa Tanga ambaye hakuwa na kamusi hata moja.

Kaka, "barabara hii ni barabara" inakubalika kama fumbo?

Inakubalika, ingawa ukilisema tu limekwisha. Zinatofautiana kwa mkazo. Jisikilize: njia ni "barabára" kwa mkazo kwenye "ba" ya pili, yaani silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno mengi. Yenye maana ya "sawasawa" huvunja desturi, mkazo wake uko nyuma zaidi, kwenye "ra": "barábara". Litege kwa maandishi, usilitege kwa sauti.

Niko Muscat, wanangu wanasoma Kiarabu. Dhamana na thamani hawakosei, wananicheka mimi.

Acha wakucheke, wana haki. Kwao hizo ni herufi mbali kabisa. Ila waulize hivi: kwa nini dhamana, dhambi na dhuluma tunaziandika kwa "dh" ileile? Kiarabu kina herufi tatu tofauti hapo, sisi tumezikusanya zote chini ya moja. Watabaki wakihesabu kwa vidole nawe ucheke kidogo.

Je, fumbo likiwa na majibu mawili, nani kashinda? Juzi kwenye "Juma alimpigia Asha mpira" tulikaribia kukosana.

Mlikuwa sahihi nyote. Juma kaupiga mpira kwa niaba ya Asha, au kaupiga kumwelekea Asha, au kampiga Asha kwa sababu ya mpira. Hiyo "-i-" kwenye "-pigia" ndiyo yenye makosa, inabeba kazi nyingi mno. Kwenye kikundi chetu ushindi huenda kwa aliyetoa visa vingi vinavyosimama, na aliyetega hapati kitu. Anayenuna anatoa mji.

Mwalimu, tupe la wiki hii.

Kitendawili!

(Najua mmejibu "tega" hata kabla sijamaliza.)

"Wapanda mlima walipanda mti penye njia panda, kisha wakapuliza panda."

Panda ni nne. Tatu mtazimaliza kabla ya chai.