Namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi wa Marekani wa 1800

Anza na idadi ya wajumbe wa kumchagua rais: 138. Kila mmoja alipiga kura mbili kwa watu wawili tofauti, bila kutaja yupi awe rais na yupi makamu. Kwa hiyo jumla ya kura iwe 276. Aliyehitaji urais alipaswa kupata 70, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe. Wengi hukosea hapa kwa kugawa 276 badala ya 138.

Sasa panga kura kwa vyama. Warepublican: Thomas Jefferson (waliyemtaka awe rais) 73, Aaron Burr (waliyemtaka awe makamu) 73. Wafederalisti: John Adams (waliyemtaka awe rais) 65, Pinckney (waliyemtaka awe makamu) 64, Jay 1. Hiyo moja ya Jay ndiyo ya kuitazama kwa makini: mjumbe mmoja wa Rhode Island alimnyima Pinckney kura ili asilingane na Adams. Warepublican hawakufanya hivyo, wakajifunga wenyewe. (Usiwachanganye na chama cha Republican cha leo, kilichoanzishwa 1854.)

Sare ikaenda Baraza la Wawakilishi. Huko usihesabu wabunge, hesabu majimbo. Yalikuwa 16, kila moja kura moja, ushindi ni 9. Jefferson alikwama kwenye 8, Burr 6, na majimbo mawili yaligawanyika katikati. Tarehe 17 Februari 1801, katika duru ya 36, baadhi ya Wafederalisti walipoacha kumpigia Burr, Jefferson alipata 10.

Ukisoma uchaguzi wa 1804 na kuendelea, badili hesabu: Marekebisho ya 12 ya Katiba yalitenganisha kura ya rais na ya makamu.